Ukuta una sarufi yake

Kitabu cha kwanza nilichosoma maishani hakikuwa na jalada. Kilikuwa ukuta. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za udongo za wakati huo, magazeti makuukuu yalibandikwa ndani kwa uji wa unga ili kuzuia vumbi na baridi, nasi watoto tukajifunza herufi papo hapo, nyingine zikiwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana hushangaa ninapomsikia mtu akidai kwamba karatasi za ukutani ni anasa ya Wazungu isiyotuhusu ndewe wala sikio. Karatasi tulikuwa nazo. Tulichokosa ni nakshi iliyobuniwa kwa ajili yetu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa ubunifu wa mapambo ya nyumba aliyenijia ofisini si muda mrefu uliopita. Alikuwa amepewa kazi: achunguze mitindo ya mapambo ya ndani inayovuma, kisha abuni nakshi zake mwenyewe za karatasi za ukutani. Nakshi alikuwa nazo tayari, sita. Alichotaka kwangu ni majina ya Kiswahili ya kuzipachika. Nikazitazama. Majani ya miti asiyopata kuiona, maua ya nchi za theluji, mistari ya rangi ya jivu. Zote alikuwa amezitoa kwenye intaneti na kuzibadilisha rangi kidogo hapa na pale.

"Uchunguzi wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Ndio huu, Mwalimu. Hizi ndizo zinazovuma."

Sidhani kosa hilo ni lake peke yake. Sisi walimu tumemzoesha mtoto kuamini kwamba kuchunguza ni kukusanya picha. Ni mzazi gani, tangu uje huu Mtaala wa Umilisi, ambaye hajatumwa jioni kutafuta mahali pa kuchapisha picha za kubandikwa daftarini? Kujua kinachovuma ni kazi halali, maadamu mbunifu asiyejua wanunuzi wanapenda nini atalala njaa. Lakini mtindo unaovuma humwambia mbunifu watu wamechoshwa na nini. Haumwambii achore nini.

Hebu tumwangalie William Morris, Mwingereza ambaye jina lake halikosekani panapotajwa karatasi za ukutani. Nakshi yake ya kwanza ya aina hiyo, aliyoibuni mwaka 1862, ilitokana na mawaridi yaliyopanda kwenye fito katika bustani ya nyumba yake huko Bexleyheath. Ndege waliomo hakuwachora yeye. Hakujiamini katika kuchora ndege, akamwomba rafiki yake Philip Webb, msanifu aliyeichora ramani ya nyumba hiyo. Miaka ishirini na mmoja baadaye, mwaka 1883, alibuni nakshi ya kitambaa iliyotokana na ndege waliokuwa wakimwibia matunda bustanini. Wakati huohuo alikuwa mgeni wa kila mara katika jumba la makumbusho la South Kensington, London, akisoma nguo za kale za Uajemi na Italia. Bustani na makumbusho: huo ndio uliokuwa uchunguzi wake, na karatasi zake zingali zinauzwa hadi leo.

Nikamwambia yule binti arudi kwao Mombasa akatazame leso za nyanya yake. Akacheka, akidhani namtania. Hata hivyo leso ni shule kamili ya nakshi. Ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yanayosomwa na mtaa mzima. Ina korosho, lile umbo lililopinda ncha ambalo kila fundi amelichora kwa namna yake. Kuna kisutu, cheusi, chekundu na cheupe, kisichokosekana arusini. Zingatia, msomaji, kwamba kila sehemu ina neno lake. Nakshi yenye majina hufundishika, kwani bibi anaweza kumwambia mjukuu, "Pindo lako limeubana mji." Mwanafunzi wangu alikuwa na picha sita na hana hata neno moja la kuzisema kasoro zake; ndiyo sababu alikuja kuomba majina mwishoni, kama mtu anayetafuta jina la mtoto aliyemwokota njiani.

Alipotoka Mombasa akafika Lamu. Huko katika nyumba za mawe za karne ya 18, ukuta wa ndani kabisa umejaa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. (Neno lenyewe ni la Kiamu, lahaja ambayo husema zi- pale ambapo Kiswahili sanifu husema vi-. Anayeandika "vidaka" hakosei, ila amekwisha kuuhamisha ukuta kutoka mahali pake.) Binti akachora, akapima, akarudi na nakshi ya zidaka iliyokuwa yake kweli.

Hapo ndipo alipokutana na sarufi. Nakshi ya ukutani ni takriri: umbo moja hurudiwa juu, chini na kando mpaka jicho lisitambue lilipoanzia. Aliyepata kutunga shairi la mizani kumi na sita, lenye vina vya kati na vya mwisho, anaijua taabu hiyo, kwani silabi moja ikizidi ubeti mzima huchechemea. Kwenye karatasi taabu hiyo ina bei. Bunda la kawaida la Ulaya lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 na kitu. Ukuta wa mita 2.5 ungekatiwa vipande vinne kutoka bunda moja iwapo karatasi haina nakshi. Lakini umbo la binti lilirudi kila baada ya sentimita 64. Ili vipande viungane sawasawa, kila kimoja kilihitaji marudio manne, yaani mita 2.56, bunda likatoa vipande vitatu tu, na mita mbili na zaidi zikatupwa. Ilimbidi achore upya, akifupisha marudio. Mashine iliyompa majani ya theluji isingemfunza hilo.

Wapo watakaouliza haraka ya haya yote ni ya nini. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara huko kwao. Wakenya wakapinga, na ombi hilo likaanguka. Tulishinda kwa sababu neno lilikuwa linajulikana, limo vinywani na madukani. Je, ingekuwa nakshi isiyo na jina, au yenye jina analolijua ajuza mmoja tu kati ya wasukaji wa mikeka, nani angesimama kusema ni yetu, na angeiitaje?

Juzi binti alibandika kipande cha majaribio kwenye ukuta wa ofisi yangu. Mwenzangu mmoja katika idara, mzee wa Lamu, akaingia, akakitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Mwanangu," akauliza hatimaye, "zidaka hizi mbona hazina zombo?"

Binti akatoa penseli.