Molekuli Zinazoshika Rekodi za Kuvunjika

Ngumu kuliko zote? Katika molekuli za atomu mbili, hakuna iliyoshikana kama kaboni monoksaidi, hewa ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala madirisha yamefungwa. Kuvunja moli moja yake kunadai kilojuli 1,072 hivi. Naitrojeni inafuata kwa 945, ndiyo maana mharage, pamoja na kuzungukwa na naitrojeni hewani, hauipati mpaka usaidiwe na bakteria wa vinundu vya mizizi.

Kuhusu kasi ya kuvunjika, mwaka 1987 pale Caltech, Marekani, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, pamoja na wenzake, waliipiga sayanidi ya iodini kwa mpigo wa leza, kisha mpigo wa pili ukachungulia kilichotokea. Mwanga ukigonga, elektroni huruka kabla viini havijawahi kusogea, navyo hujikuta ghafla juu ya mteremko wa nishati. Huko chini ni kuachana tu. Kifungo kilikatika kwa femtosekunde 200 hivi. Na femtosekunde moja kwa sekunde ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 32. Mwaka 1999 Zewail alipewa Nobel ya kemia.

Iodidi ya sodiamu, nayo ya maabara hiyohiyo, ndiyo yenye kusitasita: hunyooka, hurudi, hunyooka tena, na katika kila safari molekuli chache huvunjika.

Lakini inayonishangaza mimi kupita zote ni iliyo dhaifu kuliko zote: atomu mbili za heli. Mwaka 1994, mjini Göttingen, Wieland Schöllkopf na Peter Toennies walipitisha mkondo wa heli baridi kwenye wavu wenye nyufa za nanomita. Atomu hupinda kama mawimbi, na jozi, yenye uzito maradufu, hupinda nusu ya pembe. Hapo ndipo ilipoonekana bila kuguswa. Joto la sehemu chache za elfu za nyuzi moja juu ya sifuri halisi linatosha kuitawanya. Atomu zake hukaa kwa wastani nanomita 5.2 mbalimbali, mara 70 ya zile za hidrojeni, mahali ambapo fizikia ya Newton isingeziruhusu kamwe zikiwa zimeshikana. Kwa kanuni za kwanta atomu haitulii hata kwenye baridi kali, na mtikisiko huo karibu uishinde nguvu ya kuvutana. Kwa heli-3, iliyopungukiwa nyutroni moja tu, unaishinda: jozi yake haiundiki kabisa.