Samaki Wakifa Ghafula Bwawani

Wakulima wengi wa skimu za Trans Nzoia, na wenzao wa Bungoma, wafuga samaki pamoja na ng'ombe na mahindi. Mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wake mkubwa wa kuchimba mabwawa, bwawa la kawaida lilikuwa la mita 300 za mraba, nalo lilitiwa vifaranga 1,000 vya ngege. Mwenye bwawa kama hilo akiamka akakuta samaki wanaelea matumbo juu, kazi ya miezi mingi imepotea kwa usiku mmoja. Basi neno la kwanza huwa ni sumu, na la pili huwa ni jina la jirani.

Kabla ya kulitaja jina hilo, litazame bwawa, tena ulitazame kabla ya kuwaopoa samaki. Namna walivyokufa yaweza kukuonyesha sababu.

Mara nyingi mwuaji ni ukosefu wa hewa majini. Samaki huvuta hewa ya oksijeni iliyo ndani ya maji. Mchana ule ukijani wa maji, ambao ni mimea midogo sana, hutengeneza hewa hiyo kwa nguvu za jua. Usiku jua halipo, na mimea ile ile huitumia hewa pamoja na samaki. Kwa hiyo hewa huwa chache kabisa karibu na alfajiri. Bwawa lililotiwa samadi nyingi, au chakula kisicholiwa kikaoza chini, humaliza hewa upesi zaidi. Mawingu yakikaa siku kadhaa, kama ilivyo kawaida ya Kitale mwezi wa Julai na Agosti, hatari huongezeka.

Dalili zake ni hizi. Samaki hupanda juu alfajiri wakiachama vinywa, na wakubwa hufa kwanza. Ikiwa wafuga na kambare, watazame hao: kambare aweza kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo ngege wakifa naye akabaki mzima, yafaa kushuku hewa kwanza. Wadudu wa majini nao utawaona wakiogelea kama kawaida.

Sumu huua kwa namna nyingine. Hufa wakubwa na wadogo pamoja, saa yo yote, hata mchana wa jua kali. Wengine huogelea wakizunguka kama walevi kabla ya kufa, na wadudu wa majini hufa pia. Hapo kumbuka nani alipiga dawa, na wapi, na mvua ilinyesha lini. Tangu viwavijeshi wapya walipoingia Kenya mwaka 2017, mahindi yetu hupigwa dawa mara nyingi, na baadhi ya dawa hizo, hasa zile za jamii ya pareto, ni kali mno kwa samaki ingawa mtu huziona nyepesi. Kuosha bomba la dawa katika mfereji uingiao bwawani kwatosha kuua wote. Na mara nyingine aliyeosha bomba hilo ni kijana wa nyumba hiyo hiyo.

Ugonjwa hauna haraka hivyo. Hufa wachache leo, wachache kesho, wenye vidonda au utando mweupe kama pamba. Katika baridi ya Kitale, ambako mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, utando huo hutokea zaidi kwa samaki walioshikwa vibaya wakachubuka. Ngege si samaki wa baridi. Maji yakipoa hali sana, na chakula anachokiacha huoza. Bungoma ni chini zaidi na kuna joto, hivyo usinakili kipimo cha chakula cha ndugu yako wa huko. Lisha jua likiwa limepasha maji, na wakiacha kula, nawe uache.

Ukiwaona wanaachama, acha chakula na samadi siku hiyo hiyo. Fungulia maji safi yaingie kwa kuanguka kutoka juu, na maji ya chini yatoke. Kama mfereji umekauka, chota maji ya bwawa kwa ndoo uyamwage kutoka juu, tena na tena, mpaka jua lipande. Lakini ukishuku sumu ya mfereji, uzibe kwanza.

Samaki waliokufa bila sababu kujulikana wasiliwe wala wasiuzwe, na nguruwe wasipewe. Wazike mbali na maji. Weka chupa safi ya maji ya bwawa na samaki wawili watatu wanaokaribia kufa, katika barafu ikiwezekana, umwite Bwana Samaki upesi. Samaki aliyeoza hamsaidii.

Ikiwa ni sumu, toa maji yote bila kuyaelekeza kwa bwawa la mwingine. Acha udongo ukauke mpaka upasuke, kisha chimba mtaro upande wa juu ili maji ya shambani yapite kando. Ukijaza tena, usimwage vifaranga wote mara moja. Weka wachache ndani ya wavu siku mbili tatu, na wakiwa wazima wanakula, watie waliobaki.