Noti za zamani: Si kila kuukuu ina thamani

Na Mwandishi Wetu, Bahi

NOTI zilizosahaulika katika masanduku ya bati, Bahi na kwingineko mkoani Dodoma, hazinunui tena hata kibaba cha mchele. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa siku 90, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, kubadilisha noti za kati ya mwaka 1985 na 2003, zikiwamo za Sh20, Sh200 na Sh1,000, pamoja na noti ya Sh500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo zilikoma kuwa fedha halali.

Aliyechelewa amebaki na swali moja: je, wakusanyaji wa fedha za kale wanaweza kuzinunua?

Umri pekee hautoshi. Kinachotazamwa kwanza ni hali ya karatasi. Noti isiyopita mikononi mwa watu, isiyo na mkunjo wala doa, huuzwa kwa bei kubwa kuliko ya aina hiyohiyo iliyochakaa. Kuifua, kuipiga pasi au kuibandika selotepu huishusha thamani badala ya kuipandisha.

Pili ni uhaba. Noti iliyochapishwa kwa wingi na kuhifadhiwa na wengi haiwezi kuwa ghali. Noti za kwanza za BoT, zilizotolewa mwaka 1966 kwa thamani ya Sh5, Sh10, Sh20 na Sh100 zikiwa na picha ya Mwalimu Julius Nyerere, hazikuandikwa mwaka. Wajuzi huzitofautisha kwa saini za Waziri wa Fedha na Gavana, kwa kuwa saini nyingine ni adimu kuliko nyingine.

Tatu ni namba. Namba ndogo mno, kama 000001, au yenye tarakimu zinazofanana, huvutia wanunuzi.

Katika kukadiria bei, kiasi anachotaja muuzaji si kipimo. Kipimo ni bei ambayo noti ya aina na hali hiyohiyo iliuzwa kweli mnadani.

Hapo ndipo matapeli hupata mwanya, kwa kuahidi mamilioni kisha kudai “ada ya uthibitisho”. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai kutangulizwa.

Mwenye noti nzuri aiweke bila kuikunja, mbali na unyevu na mchwa. Mwenye noti iliyochanika, ambayo ni ya kawaida, aihifadhi kama kumbukumbu ya familia. Huenda hiyo ndiyo thamani yake pekee iliyobaki.