Chuma Kwanza, Hadithi Baadaye

Fungua katalogi yoyote ya mnada wa vitu vya kale vya Japani, utakutana na sahani ya chuma yenye upana wa sentimita saba au nane, katikati ina tundu refu lenye umbo la kabari, na chini yake maelezo ya kusisimua: ilikaa kwenye upanga wa samurai, kereng'ende aliyechongwa pembeni ni alama ya ushujaa, imepita vitani. Sahani yaweza kuwa ya kweli, na upanga pia. Hivyo vita ndivyo vya kutilia shaka.

Sahani hiyo huitwa tsuba. Hukaa kati ya bapa na mpini, ikizuia kiganja kisiteleze kwenye makali na kuuweka sawa uzito wa upanga. Ina ndugu zake. Fuchi ni pete inayofunga mpini upande wa tsuba, na kashira ni kofia ya upande wa pili. Menuki ni vinyago viwili vidogo vya madini vinavyobanwa chini ya msokoto wa hariri unaouzunguka mpini. Kozuka ni mpini bapa wa kisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala, na ubavu wa pili hukaa kogai, kijiti cha kutengenezea nywele. Wakusanyaji huvinunua kimoja kimoja, kwa kuwa upanga wa Kijapani umeundwa ili ufumuliwe: chomoa kigingi kimoja cha mwanzi kwenye mpini, na kila kitu kinatoka. Mtu mwenye uwezo aliweza kuwa na bapa moja na mavazi mawili matatu ya kulivisha.

Sasa turudi kwenye vita. Mwaka 1615 ngome ya Osaka iliangukia mikononi mwa ukoo wa Tokugawa, na tangu hapo hadi miaka ya 1860, ukiacha uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638, Japani haikuona vita vikubwa. Sehemu kubwa ya vipambo vinavyouzwa leo ilitengenezwa katika kipindi hicho cha amani. Samurai wa zama hizo alikuwa karani, msimamizi wa kodi, mlinzi wa lango. Panga mbili kiunoni zilikuwa kitambulisho cha cheo chake. Siku ya kuhudhuria kasri la shogun, mtawala wa kijeshi, mjini Edo, adabu ilimtaka avae upanga wenye ala nyeusi ya laka, hariri nyeusi juu ya ngozi nyeupe ya taa, na vipambo vyeusi vya heshima. (Taa ndiye samaki yuleyule ambaye mkia wake ulitisha watoto wa madrasa pwani kwetu, ngozi yake yenye chembechembe ngumu huzuia hariri isiteleze, na Wajapani waliinunua kutoka kusini-mashariki mwa Asia.) Siku nyingine alijipamba apendavyo. Wafanyabiashara nao waliruhusiwa upanga mmoja mfupi, na kwa kuwa wengi wao walikuwa na fedha kuliko hao waliowazidi cheo, fedha hizo zilikwenda kwenye vipambo. Kwa mwanamume ambaye desturi ilimnyima pete na mikufu, hapo ndipo palipobaki pa kuringia.

Mafundi waliokidhi adabu ya kasri walikuwa ukoo wa Goto. Mwasisi wao, Goto Yujo, aliyezaliwa 1440, alimtumikia shogun Ashikaga Yoshimasa, na ukoo ukaendelea kwa vizazi 17. Madini yao ya fahari yalikuwa shakudo, yaani shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, aghalabu asilimia tatu hadi tano. Ukiisugua ikiwa mpya huioni tofauti na shaba ya kawaida. Fundi huipaka kwanza figili nyeupe iliyokunwa, kisha huichemsha kwenye maji yenye chumvi za shaba, na pale ndani ya sufuria wekundu hugeuka weusi wenye kivuli cha zambarau, kama ngozi ya biringani. Hiyo si rangi iliyopakwa. Ni utando mwembamba uliozaliwa na madini yenyewe, na bila ile dhahabu kidogo haupatikani.

Chukua kozuka moja ya Goto na kioo cha kukuzia. Sehemu ya nyuma ya picha inaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Sogeza kioo: ni vitone vya mviringo, kila kimoja kidogo kuliko milimita moja, vimepangwa safu kwa safu. Huitwa nanako, mayai ya samaki. Kila kitone ni pigo moja la tindo lenye ncha ya kikombe, kwa mkono na kwa jicho, na walikuwepo mafundi ambao kazi yao ya maisha ilikuwa hiyo tu. Katika kazi bora safu hazipindi hata zinapokaribia ukingo wa picha. Katika kazi ya haraka zinaanza kubanana hapo, kama mwandishi aliyeishiwa na karatasi. Ukishaijua tofauti hiyo, umeshajua jambo ambalo maelezo ya katalogi hayatakuambia.

Mwishoni mwa karne ya 17 akatokea Yokoya Somin, aliyechoka na utaratibu huo wa kasri. Yeye alichora kwenye madini kwa tindo iliyolazwa upande, mfereji ukiwa na kina upande mmoja na kufifia upande wa pili, mithili ya mkupuo wa brashi yenye wino. Hakuna nafasi ya kusahihisha. Binafsi nawaheshimu Goto, ila moyo wangu uko kwa Somin.

Na kuna dunia nyingine kabisa, ya chuma kitupu. Mwaka 1632 ukoo wa Hosokawa ulipewa jimbo la Higo, makao yake Kumamoto. Mzee wa ukoo huo, Hosokawa Sansai, alikuwa mwanafunzi wa Sen no Rikyu, gwiji wa ibada ya chai, na ladha ya chai, ile inayopenda kilicho tulivu na kisichojionyesha, iliingia kwenye karakana za wahunzi. Hayashi Matashichi wa Higo alitoboa tsuba kwa mistari michache safi hivi kwamba nafasi tupu inakuwa sehemu ya picha sawa na chuma chenyewe. Wajapani hulinganisha rangi ya chuma bora cha aina hii na yokan, halua yao ya maharage: nyeusi yenye ukahawia ndani yake, inayoonekana laini hata kabla ya kuguswa. Miyamoto Musashi, mpiga upanga maarufu kuliko wote, alimalizia maisha yake Kumamoto, akafariki 1645, na jina lake limebaki kwenye muundo wa tsuba yenye matundu mawili makubwa ya mviringo yanayoitwa jongoo bahari. Ndiyo, jongoo bahari yuleyule anayeokotwa na wavuvi wetu maji yakitoka. Sijaona maelezo ya ishara yake yanayoniridhisha. Ninachokiona ni kwamba matundu hayo yanapunguza uzito, na kwa mtu aliyepigana kweli hilo lingetosha.

Hapo ndipo wapenzi wengi wapya wanapopotea. Wanataka kamusi: mnyama huyu maana yake hii, ua lile maana yake ile. Mchukue huyo kereng'ende. Wapiganaji walimwita mdudu wa ushindi kwa kuwa huruka mbele, harudi nyuma. (Anayejua wadudu atakwambia kereng'ende anaweza kabisa kurudi nyuma hewani, lakini tuwaachie wapiganaji imani yao.) Ila jina mojawapo la kale la Japani ni kisiwa cha kereng'ende, na katika masimulizi ya kale kereng'ende anamla pange aliyemuuma Mfalme Yuryaku mkononi. Katika ushairi wa Kijapani kereng'ende ni mdudu wa majira ya vuli. Kwa hiyo akikaa peke yake kwenye tsuba ya chuma nzito, sema ushindi. Akikaa juu ya masuke ya mpunga kwenye kozuka ya fedha iliyovaliwa na mfanyabiashara wa mchele, huyo ni msimu wa mavuno, na pengine ni dua ya biashara.

Tandu naye ni ndugu wa maana hiyohiyo: husemwa harudi nyuma, tena ni mjumbe wa Bishamonten, mungu mlinzi wa wapiganaji. Korongo na kobe ni umri mrefu, na hilo halihitaji maneno mengi. Simba na ua la peoni walitoka China pamoja na Ubudha. Wachongaji hao hawakupata kumwona simba, ndiyo maana wa kwao ana manyoya ya mawimbi na uso wa mbwa mwenye hasira. Nyani wa mikono mirefu anayening'inia kwenye tawi akijaribu kuuchota mwezi majini ni fundisho la Kibudha juu ya kukimbilia kisichokuwepo, na kumwona kwenye silaha ya mtu ambaye heshima yake yote ilikuwa cheo na jina kunaniambia kwamba samurai aliyeagiza kazi hiyo alikuwa na uwezo wa kujicheka.

Picha ninazozipenda zaidi ni zile ambazo mhusika wake hayupo. Unaona podo la mishale lililochomekwa tawi la mplamu lenye maua, basi. Msomi wa Edo alijua papo hapo: ni mpiganaji Kajiwara Kagesue, aliyechomeka tawi hilo kwenye podo lake katika mapigano ya Ikuta mwaka 1184. Kagesue mwenyewe hakuchongwa. Asiyejua kisa huona maua na mishale, huutafuta mplamu kwenye kamusi, husoma kwamba ni ustahimilivu kwa sababu huchanua wakati wa baridi, na huondoka akiwa ameridhika na jibu lisilo lake. Vipambo hivi vilikuwa mazungumzo kati ya watu waliosoma vitabu vilevile na kutazama maigizo yaleyale.

Hadithi huuza, na wauzaji wanalijua hilo. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamesikia habari za Yasuke, Mwafrika anayesemekana kutoka Msumbiji, aliyefika Kyoto mwaka 1581 pamoja na wamisionari Wajesuti na kuchukuliwa na mbabe wa vita Oda Nobunaga. Nakala moja ya kumbukumbu za Nobunaga inasema alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Ni habari ya kuvutia, na upanga huo bila shaka ulikuwa na vipambo. Atakayekuletea tsuba na kudai ni yake, muulize ushahidi, kisha endelea na safari yako.

Vipambo vilitawanyika duniani kwa sababu ya sheria moja. Tarehe 28 Machi 1876 serikali ya Meiji ilikataza watu wa kawaida, samurai wa zamani wakiwemo, kubeba panga hadharani. Mahitaji yakafa karibu kwa siku moja. Kano Natsuo, pengine fundi bora wa karne yake, alikuwa tayari ameitwa kusanifu sarafu mpya za taifa. Wengine waligeukia vasi, masanduku na vifungo vya kuuza Ulaya. Tsuba za kale ziliuzwa kwa bei ya kutupa. William Sturgis Bigelow, daktari wa Boston aliyeishi Japani miaka ya 1880, alikusanya nyingi, nazo sasa ziko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya jiji lake. London, Paris na Ujerumani walifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mkusanyaji wa leo anaweza kukipata kipande kizuri Ulaya kwa urahisi. Tena hata ndani ya Japani, wakati bapa la upanga haliuzwi bila hati ya usajili, kipambo kilichotengana na upanga hakihitaji hati hiyo.

Unapoishika tsuba, ishike kwa ukingo, usiguse uso. Anza na tundu la katikati. Tsuba iliyowahi kukaa kwenye panga tofauti huwa na alama za tindo kuzunguka tundu hilo, na mara nyingi vipande vya shaba nyekundu vimepachikwa juu na chini ili bapa jipya likae imara. Tundu safi kabisa haliashirii ughushi. Huenda kazi ilitengenezwa kuuzwa nje na haikuwahi kuvalishwa upanga. Kisha tazama kuta za ndani za michoro iliyotobolewa. Msumeno na tupa huacha mikwaruzo midogo na kona kali. Kalibu huacha kona za mviringo, vijishimo, wakati mwingine mshono mwembamba. Ukingoni mwa chuma cha zamani kilichofuliwa vizuri kuna vinundu vigumu vinavyong'aa kidogo, vinavyoitwa mifupa ya chuma, na hivyo ni vigumu kughushi.

Sahihi iache mwisho. Majina ya wahunzi Nobuie na Kaneie yameghushiwa kwa karne nyingi, hata na mafundi waliokuwa hodari wenyewe, huku chuma kizuri cha awali kikiwa kwa kawaida hakina jina lolote. Kama unataka neno la pili, kuna chama cha kuhifadhi panga za sanaa, NBTHK, kilichoanzishwa 1948, chenye makumbusho Ryogoku mjini Tokyo. Hutoa hati za madaraja manne kuanzia Hozon hadi Tokubetsu Juyo. Kwa ununuzi wa kwanza ningependekeza tsuba ya chuma iliyotobolewa, isiyo na sahihi, yenye hati ya Hozon. Bei yake hukufundisha bila kukufilisi.

Na ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewa ndiyo adui yako wa kila siku. Weka chuma ndani ya kisanduku cha mbao kikavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kutu nyekundu iliyolala juu hukwanguliwa polepole kwa kipande cha pembe ya paa, kisha uso husuguliwa kwa pamba kavu kila siku kwa miezi. Hakuna msasa, hakuna ndimu, hakuna mafuta ya cherehani. Shakudo usiisugue kwa chochote: dawa ya kung'arishia shaba huondoa ule utando mweusi kwa dakika mbili, na unabaki na kipande chekundu kama senti mpya ambacho hakuna mnunuzi makini atakayekigusa mpaka kirudi kwa fundi, kwenye figili na sufuria.