Bando Lako, Tangazo Lao

Kwenye tovuti nyingi zinazowapa wanafunzi wa Kenya karatasi za KCSE za miaka iliyopita, kitufe kikubwa kuliko vyote ndicho cha uongo. Ni cha kijani, kimeandikwa kwa herufi nene neno la kupakua, na kimewekwa papo hapo jicho la mwanafunzi linapotua. Karatasi ya Fizikia anayoitafuta iko chini zaidi, kwenye mstari mwembamba wa maandishi ya samawati. Anayebofya kile cha kijani haoni Fizikia. Anafunguliwa ukurasa wa kamari, au programu ya "kusafisha simu", au ujumbe unaompongeza kwa kushinda simu ya bei ghali na kumtaka aandike nambari yake ili aletewe zawadi.

Wahudumu wa saiba mjini Machakos wameizoea hila hii. Kazi yao kutwa nzima ni kupakua na kuchapisha: mitihani ya majaribio, kazi za nyumbani ambazo mzazi ametumiwa na mwalimu kwa WhatsApp, fomu za mkopo wa HELB za vijana wa Chuo Kikuu cha Machakos, vyeti vya kodi vya KRA. Kompyuta moja ikivamiwa na matangazo, foleni inasimama. Mhudumu mwenye uzoefu huweka mapema kizuia matangazo, programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari, yaani Chrome, Firefox au programu nyingine ya kufungulia tovuti, na kuyakataa matangazo kabla hayajafika kwenye skrini.

Mwenye simu hana mhudumu wa kumkinga, na yeye ndiye anayeumia zaidi. Kuanzia Mlolongo na Athi River hadi Kangundo, Masii na Mwala, watu wengi huingia mtandaoni kwa bando la saa moja au la siku moja, linalonunuliwa kwa shilingi chache kutoka M-Pesa. Bando hilo halibagui. Habari anayoisoma mkulima kuhusu bei ya maembe inakula data, na video ya kamari inayojicheza yenyewe pembeni inakula data pia, mara nyingi zaidi kuliko habari yenyewe. Ni sawa na abiria wa matatu ya Machakos kwenda Nairobi kutozwa nauli ya magunia ya mtu asiyemjua.

Hili lilipimwa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifungua kwenye simu kurasa za mbele za tovuti 50 za habari, kwanza kukiwa na kizuia matangazo, kisha bila kizuizi. Zaidi ya nusu ya data yote iliyotumika ilikwenda kwa matangazo na vitu vingine ambavyo vizuizi huviondoa. Zilikuwa tovuti za Marekani, ambako wengi hulipia data kwa mwezi. Kwa anayenunua bando la saa moja, hiyo ni nusu ya data yake iliyotumika kubeba bidhaa ya mwingine.

Tena simu zenyewe si za nguvu. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, uliomwezesha Mkenya kupata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kila siku. Simu za mwanzo zilikuwa za Neon, zikiendeshwa na Android Go, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Mpango huo ulifungulia wengi mlango wa intaneti. Lakini ukurasa wenye matangazo kumi, kila moja likiita picha na programu zake kutoka mbali, huifanya simu ya aina hiyo ipate moto, igande, na mwishowe kivinjari kijifunge chenyewe.

Mambo hayakuanza hivi. Tangazo la kwanza la ukanda kwenye tovuti, la kampuni ya simu ya AT&T, lilionekana Oktoba 1994 katika jarida la mtandaoni la HotWired nchini Marekani. Lilikaa kimya mahali pake, mtu akitaka analibofya, asipotaka analipita. Adha ya dirisha linaloruka na kuufunika ukurasa ilikuja miaka michache baadaye. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha lake la pekee, baada ya kampuni moja ya magari kulalamika kwamba tangazo lake limewekwa kwenye ukurasa wenye mambo ya kitandani. Nia ilikuwa kulitenga tangazo na ukurasa. Agosti 2014 Zuckerman aliandika katika jarida la The Atlantic akiwaomba watu radhi.

Waliochoka walianza kujitetea mapema. Mwaka 2002 kijana wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, alitengeneza Adblock. Mwaka 2006 Wladimir Palant akatoa Adblock Plus, na mwaka 2014 Raymond Hill akaleta uBlock, iliyozaa uBlock Origin, inayopendwa na wengi kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi na haimwombi mtu chochote.

Utendakazi wa vizuizi hivi ni rahisi kuueleza. Msomaji anapofungua ukurasa mmoja, kivinjari hakizungumzi na kompyuta moja. Kinatumwa kwa nyingine nyingi: hii ilete picha, ile ilete tangazo, nyingine irekodi kwamba msomaji wa simu ya aina fulani, aliye Machakos, amesoma habari ya mikopo saa tatu usiku. Kizuia matangazo hubeba orodha ndefu ya anwani zinazojulikana kwa kazi hiyo. Ombi likielekea kwa mojawapo, linakatwa hapo hapo. Tangazo halikufichwa tu, halikuitwa kabisa, na ndipo data inapookolewa. Orodha maarufu zaidi, EasyList, imekuwa ikitunzwa na watu wanaojitolea. Udhaifu wake kwa Mkenya ni kwamba tangazo la kamari lililobandikwa na mwenye tovuti ya hapa nchini kwenye kompyuta yake mwenyewe linaweza kupita, maana hakuna aliyeliripoti.

Je, kuzuia matangazo ni halali? Kampuni kubwa ya magazeti ya Ujerumani, Axel Springer, iliwashtaki wenye Adblock Plus, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba kumpa mtu chombo cha kuzuia matangazo si ushindani haramu.

Kwenye simu, njia ziko kadhaa. Chrome ya Android haipokei programu za nyongeza, kwa hiyo anayetaka uBlock Origin atumie Firefox, ambayo inaipokea. Brave huzuia matangazo tangu siku ya kwanza bila kuguswa. Opera Mini, ambayo Wakenya waliipenda kwa sababu ya kubana data, ina kizuizi chake ndani ya mipangilio. Hata kwenye kompyuta Chrome si ile ya zamani: mwaka 2024 na 2025 Google ilibadilisha kanuni za programu za nyongeza, uBlock Origin ikazimwa na kubaki toleo jepesi lenye uwezo mdogo. Ikumbukwe kwamba Google huishi kwa matangazo.

Njia nyingine haihitaji kupakua chochote. Android 9, iliyotoka mwaka 2018, na matoleo yote yaliyofuata yana sehemu iitwayo DNS ya faragha, ndani ya mipangilio ya mtandao. Mtu akiandika hapo dns.adguard-dns.com na kuhifadhi, simu nzima inaacha kuzitambua anwani za kompyuta nyingi za matangazo, hata zile zinazoitwa na michezo na programu za tochi. Haitaondoa matangazo ya YouTube wala Facebook, kwa sababu hayo hutoka mahali pamoja na video na picha zenyewe. Na aliyeiweka ajue kwamba ameikabidhi kampuni ya AdGuard orodha ya majina ya tovuti anazozitembelea. Ukurasa wa benki ukigoma, aizime kwa muda, amalize shughuli, airudishe.

Hapa ndipo tahadhari inahitajika, maana matapeli nao huuza dawa. Aprili 2018 AdGuard ilifichua vizuia matangazo bandia vilivyokuwa kwenye duka rasmi la Chrome, vimepakuliwa na watu zaidi ya milioni 20. Majina yalifanana na yale ya kweli, huku ndani yake mkiwa na msimbo wa kupokea amri kutoka nje. Mtu aangalie jina la mtengenezaji kabla ya kubonyeza, na asipakue kamwe kizuizi alichoelekezwa na tangazo.

Kero inayowasumbua wengi zaidi, hata hivyo, haihitaji kizuizi. Ni zile arifa zinazoingia simu ikiwa mfukoni: "Simu yako ina virusi vinne", "Mkopo wako umeidhinishwa". Mwenye simu hudhani ameambukizwa. Kumbe siku moja alifungua tovuti, ikamwuliza kama anaruhusu arifa, naye akabonyeza ndiyo ili asome haraka. Dawa yake iko ndani ya Chrome: afungue mipangilio, aende kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Hapo atakuta orodha ya majina asiyoyakumbuka. Afute ruhusa ya kila moja. Ni kazi ya dakika mbili, na kelele inakwisha siku hiyo hiyo.

Hatari nyingine iko kwenye injini ya kutafutia. Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwaonya wananchi kwamba wahalifu wananunua matangazo yanayotokea juu ya matokeo, wakijifanya kampuni halisi, na ikawashauri watumie kizuia matangazo. Onyo hilo linamhusu pia anayetafuta tovuti za serikali kama eCitizen au KRA. Anwani za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, na ni salama zaidi kuziandika kwa mkono kuliko kubofya jibu la kwanza.

Serikali nayo imesogea, ingawa kwa mwendo wake. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ya mitandaoni yakiwemo, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Lakini tangazo linalotumwa kutoka ng'ambo halisomi gazeti rasmi la serikali. Kwa upande wa faragha, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayokataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake. Si sheria ya kabatini: Desemba 2022 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake.

Na wanaoishi kwa matangazo? Hoja yao ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Shirika la Nation Media lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni Februari 2021, kwa kuwa matangazo pekee hayakutosha kuendesha chumba cha habari. Kuna vijana wa Kenya wanaopata riziki kwa kuandika na kurekodi video, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliwawekea kodi ya asilimia 5 ya mapato hayo. Msomaji akizuia kila kitu kila mahali, wanaoathirika kwanza ni hawa, wala si tapeli wa kitufe cha kijani, ambaye atahamia tovuti nyingine.

Vizuizi vyote vizuri vina swichi ya kuruhusu tovuti moja moja, na kuitumia ni haki kwa gazeti au mwandishi ambaye matangazo yake hayafuniki maandishi, hayapigi kelele na hayadanganyi. Anayevamia azuiwe. Na mwananchi akigundua kwamba taarifa zake zimetumiwa kumuuzia vitu bila ridhaa yake, awasilishe malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaitaka ofisi hiyo ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90.