Maji Yatoke Wapi? Kusanifu Uwanja wa Gofu wa Juja Ndani ya Gemu

Ndani ya gemu ya gofu, maji hayana bei. Mfululizo wa PGA TOUR 2K, unaotengenezwa na HB Studios ya Nova Scotia, Canada, humpa mchezaji nafasi ya kujenga uwanja wake mwenyewe. Anakabidhiwa ardhi tupu. Anainua vilima na kuchimba mabonde kwa kusogeza kidole, anatandika nyasi fupi hapa na nyasi ndefu pale, anapanda miti, anamwaga mchanga, kisha anachora mto au kutandaza ziwa. Akiridhika anauchapisha, na mtu aliye Nakuru au Tokyo anaweza kuucheza usiku uleule. Wazo lenyewe lina umri: mwaka 2002 ilitoka SimGolf ya Sid Meier, gemu ambayo kujenga uwanja ndiko kulikuwa mchezo wenyewe. Na kwa kuwa maji ni ya bure, anayeamua kusanifu uwanja wa mandhari ya maji mara nyingi hufanya kile afanyacho mtoto aliyeachiwa mfereji: hufungulia tu. Kila shimo lina ziwa, kila bendera ina kisiwa chake, na kufikia shimo la tano mchezaji haoni tena maji, anaona rangi ya buluu.

Ninachoshikilia ni kwamba uwanja wa maji hupendeza pale msanifu anapoyatafuta maji kana kwamba yana gharama, akajua yametoka wapi, yanaelekea wapi na yamekujaje hapo. Na kwa somo hilo sioni haja ya kwenda mbali. Ukanda wa Ruiru, Juja na Thika, ambao wengi huupita kwa kasi kwenye barabara kuu wakitazama magorofa ya kupangisha, una maji ya kila namna ambayo msanifu wa gofu angeyatamani, na kila namna ina kisa chake.

Hebu kwanza tulitazame shimo linaloigwa kuliko yote duniani, la 17 katika uwanja wa TPC Sawgrass, Florida, uliofunguliwa mwaka 1980. Grini yake, yaani kile kipande cha nyasi laini chenye tundu na bendera, imezingirwa na maji karibu pande zote, na mchezaji huipiga kutoka yadi 137, mita 125 hivi. Katika viwanja vinavyobuniwa na wachezaji wa gemu, nakala zake zimejaa tele. Lakini msanifu wake, Pete Dye, hakuanza na kisiwa. Alikuwa akijenga juu ya ardhi ya kinamasi, akahitaji mchanga wa kuinua sehemu nyingine za uwanja, na mchanga bora ulikuwa umelala hapo palipokusudiwa shimo la 17. Wakachimba, wakachota, wakachimba tena, hata pakabaki bonde kubwa. Ni mkewe, Alice Dye, naye msanifu kwa haki yake, aliyependekeza bonde hilo lijazwe maji na grini ibaki katikati. Kisiwa kile ni matokeo ya machimbo. Wanaokiiga huchukua tokeo wakaacha sababu, ndiyo maana visiwa vyao hufanana na sahani zilizoelea kwenye karai.

Sasa, ikiwa kisiwa cha Florida ni mtoto wa machimbo, Juja ina machimbo ya kutosha ukoo mzima. Mawe ya Ndarugu, jiwe lile la asili ya volkano linalokatwa kwa mashine hadi likawa na pembe nne safi, yamejenga nyumba nyingi za Nairobi na vitongoji vyake. Mawe yanapokwisha, wachimbaji huhamia kwingine, nyuma yao hubaki shimo lenye kuta za wima na ngazi kubwa kubwa zilizoachwa na mashine, na mvua za Machi hadi Mei hulijaza. Ni mahali pa hatari kweli. Watu wamezama katika mashimo ya aina hii, na hakuna anayepaswa kuyageuza mapambo huku nje. Ndani ya gemu, hata hivyo, shimo la namna hiyo ni hazina. Maji yake yamekaa chini ya usawa wa ardhi, hivyo mchezaji anayaona tu akikaribia ukingo. Kuta zimenyooka, hivyo mpira ukivuka ukingo kwa inchi moja umekwenda. Hakuna mteremko wa huruma. Na grini inaweza kukaa juu ya kitalu cha jiwe ambacho mashine hazikukikata, kilichobaki kimeungana na nchi kavu kwa upande mmoja. Mchezaji hahitaji kuelezwa chochote, kwa maana ardhi yenyewe imeshamwambia kilichotokea hapo kabla yake.

Mito ni somo jingine, na hapa kosa la kawaida ni upana. Anayetaka mto wa kutisha huchora mto mpana kama Tana ukiwa Garissa, ilhali historia ya gofu inaonyesha kwamba vijito ndivyo vinavyoliza watu. Kule St Andrews, Uskoti, kijito cha Swilcan kinachopita mbele ya grini ya kwanza ni mfereji tu uliojengewa kingo za mawe. Mwaka 1999, kwenye mashindano ya The Open huko Carnoustie, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Angetumia hata mikwaju sita angetwaa kombe. Alitumia saba, baada ya mpira wake kutua katika kijito cha Barry naye akavua viatu na kuingia majini akifikiria kuupiga humohumo. Kombe likaenda kwa Paul Lawrie baada ya mchujo. Mto Ndarugu ni wa ukubwa huo wa kuaibisha watu: mwembamba, umejikata ndani ya bonde lake, umefichwa na miti ya kando, na baada ya mvua kubwa unashuka ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya juu. Msanifu mwenye jicho hataupaka buluu. Kama gemu inamruhusu kuchagua rangi ya maji atachagua ya chai ya maziwa; kama haimruhusu, atazifanya kingo zenyewe ziwe za udongo ili mchezaji ajue yuko wapi.

Atazipataje sura za ardhi hiyo? Zipo njia. Mashabiki wa mfululizo huu wamewahi kutengeneza programu za kuingiza vipimo vya mwinuko wa ardhi halisi katika gemu, na vipimo vya Juja vipo wazi kwa yeyote: Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada, na ramani zilizotokana na safari hiyo hupatikana bure mtandaoni. Ila kila nukta ya ramani hizo inawakilisha eneo la takriban mita 30 kwa mita 30. Bonde la mto utaliona. Mto wenyewe, ulio mwembamba kuliko nukta, umemezwa. Kwa hiyo kompyuta itakupa mgongo wa nchi, nawe utalazimika kuuchimba mto kwa mkono, ukijua mahali unapopinda na kwa nini umepinda hapo. Ni kazi ya mtu aliyeitazama ardhi. Haishangazi kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilicho hapo hapo Juja, hufundisha usanifu wa mandhari na upimaji wa ardhi. Kijana wa masomo hayo akishika gemu hii atagundua kwamba maswali yanayomkabili ni yale yale ya darasani, tofauti ni kwamba hapa akikosea hakuna nyumba itakayofurika.

Atatokea wa kuniuliza: gemu si gemu? Kama mtu anataka maporomoko yanayopanda mlima na ziwa juu ya kilele, nani amkataze? Simkatazi. Kompyuta nayo haimuulizi maji yametoka wapi. Lakini ajabu hupatikana pale palipo na kawaida ya kuvunjwa. Maporomoko ya Kumi na Nne kwenye mto Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk, yana kimo cha mita 27 hivi na hushtua kwa sababu nchi inayoyazunguka ni kavu, ya nyasi na vichaka. Hujatarajia ngurumo hiyo. Yaweke maporomoko hayo katika uwanja wenye maporomoko mengine kumi na mtu atayapita akitafuta mpira wake. Shimo moja la ajabu linahitaji mashimo kadhaa ya utulivu yatakayolitangulia, na utulivu huo wakati mwingine ni wa ukavu kabisa: udongo mweusi uliopasuka, safu za mikahawa mteremkoni, na chini yake kibwawa kilichojengwa zamani cha kuoshea kahawa. Kibwawa hicho nacho nakipenda kwa sababu kilikuwa na kazi. Ruiru ndiko utafiti wa kahawa ya Kenya ulikotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na kahawa bila maji ya kuimenyea na kuioshea haifiki mbali.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wachezaji wenyewe. Husema maji humwadhibu mnyonge peke yake: hodari wa gemu hupiga mpira mahali anapotaka mara tisa kati ya kumi, kwa hiyo ziwa halimhusu, ilhali anayejifunza hulipa mkwaju wa adhabu kila mara. Ni kweli, lakini ni kweli kwa aina moja ya maji. Maji yanayokatiza njia moja kwa moja ni kizuizi cha ushuru, kila mtu atoe kiasi kilekile au asipite. Maji yaliyolala mshazari ni soko, hapo mnapatana bei. Mwenye nguvu atavuka sehemu ndefu na kubakiwa na umbali mfupi hadi kwenye bendera. Mwenye hofu atavuka sehemu fupi, au asivuke kabisa, naye atalipa kwa kubaki mbali. Shimo la 13 la Augusta, katika uwanja wa Alister MacKenzie na Bobby Jones uliofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1930, limewatesa mabingwa kwa mtindo huo, na kinachowatesa ni kijito chembamba kinachoambaa ubavuni kisha kukata mbele ya grini. Anayetaka kuijaribu grini kwa mkwaju wa pili ajaribu. Anayetaka kusimama kabla ya kijito asimame. Hakuna aliyeonewa. Kanuni za gofu zenyewe, zilivyorekebishwa mwaka 2019, zinatambua tofauti ya sura za maji: vigingi vya njano kwa kawaida huwekwa pale ambapo maji yanavukwa, vyekundu pale ambapo mara nyingi yanaambaa kando ya njia, na penye vyekundu mchezaji ana nafasi ya ziada ya kuuweka mpira pembeni. Ndarugu unaambaa. Kijito kinachoingia Ndarugu kinavukwa. Msanifu anahitaji vyote viwili, ila cha kwanza kwa wingi.

Lipo pia neno la wale wasiojali gofu hata kidogo, nao wana haki ya kulisema. Huu ni mchezo wa wenye nacho, na viwanja vyake hunywa maji mengi katika nchi yenye kiu. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika, lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70 na ndilo tegemeo kuu la Nairobi. Wakati huohuo zipo kaya za Juja na Ruiru zinazonunua maji kwa mtungi au kusubiri boza. Kuzungumzia mabwawa ya anasa mbele ya watu hao si kuwakejeli? Ningekubali kama uwanja tunaouzungumzia ungemwagiliwa. Wa gemu haunywi hata tone, haumhamishi mkulima, na anayeucheza hahitaji kadi ya uanachama ya klabu. Isitoshe, ukisanifiwa kwa uaminifu utaionyesha hiyo kiu. Gemu humtaka msanifu achague usawa wa maji. Mimi ningeuweka chini, kama Februari kabla ya mvua, kingo zikiwa wazi na alama za mafuriko ya mwaka uliopita zikionekana juu ya mawe. Uwanja wa mandhari ya maji wenye maji haba utamfanya mchezaji ayatazame hayo kidogo yaliyopo.

Shimo la mwisho ningelijenga juu ya mgongo wa nchi kati ya mito miwili. Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika yote hushuka kutoka milima ya Nyandarua, na kwa kitambo huenda sambamba kama vidole vya mkono mmoja, kisha huagana. Chania huungana na Thika mjini Thika, chini ya hoteli ya Blue Posts, na pamoja huelekea Tana. Ndarugu huingia Athi, ambao mbele ya safari huitwa Galana, kisha Sabaki. Kwenye ramani mgongo huo ni mpana kuliko njia yoyote ya gofu, lakini gemu inamruhusu msanifu kuisogeza mito hiyo ikaribiane, na hapa ningeitumia ruhusa hiyo bila haya. Mchezaji asimame akitazama kusini-mashariki, njia nyembamba ya nyasi mbele yake, bonde kila upande, na bendera mbali penye mwanga wa jioni. Mpira utakaopotea kulia umekwenda Malindi. Wa kushoto utafutwe Kipini.