Wino Ung'aao na Jua la Dukani
Na Katibu



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini vibandiko vya paketi za viungo, vilivyotoka matbaani viking'aa kama dhahabu, hupauka baada ya miezi michache ya kukaa dirishani mwa duka. Jambo hili si dogo. Mnunuzi akiona karatasi imepauka hudhani na kilichomo ndani kimechakaa, na karafuu njema ikadoda kwa sababu ya wino.

Kwanza tujue kwamba jua haliziharibu rangi zote sawasawa. Wenye kupima hutumia vitambaa vya sufu ya buluu vyenye daraja 1 mpaka 8, na daraja 1 ndilo dhaifu kabisa. Wino mweusi wa masizi na buluu ya kawaida ya matbaa hufika 7 au 8, lakini manjano na nyekundu nyingi za bei nafuu huishia 3, 4 au 5. Ndiyo maana picha iliyobandikwa juani mwisho hubaki buluu tupu.

Ama rangi za kung'aa, hizo ni magamba madogo mno: ya alumini, ya shaba iliyochanganywa na zinki, au ya ulanga uliovikwa oksaidi ya titani au ya chuma. Magamba yenyewe hayapaushwi na jua. Ila yale ya shaba huingia weusi kwa hewa na unyevu, na visiwani kwetu unyevu hauna uhaba.

Hila iko katika mchanganyiko. Mara nyingi dhahabu ya bei nafuu ni alumini nyeupe iliyotiwa manjano kidogo. Nuru huipita manjano hiyo mara mbili, ikiingia na ikirudishwa na magamba. Basi hupotea upesi, na dhahabu ikageuka fedha. Wino mkali unaowaka hata mchana ndio udumuo kidogo kuliko wote.

Lakini iko rangi isiyoogopa jua, nayo ni kutu ya chuma. Huko Ugweno, katika milima ya Upare, watu walisifika tangu zamani kwa kuyeyusha mchanga mweusi wa chuma, na wahunzi wa ukoo wa Washana wakafua majembe na silaha. Chuma kikishika kutu, wekundu wake haupaushwi na jua. Oksaidi hiyo hiyo, ikiuvika ulanga utando mwembamba, hutoa shaba na wekundu wa kung'aa. Na pamoja na titani hutoa dhahabu, bila ya kuhitaji manjano dhaifu.

Basi mwanachama akienda matbaani aulize mambo matatu:

1. Udhahabu huu watokana na nini?
2. Rangi iliyochanganywa nao ni ya daraja la ngapi?
3. Je, itapakwa vanishi? Vanishi huzuia unyevu, lakini jua hulichelewesha tu.

Kisha achukue kibandiko kimoja, afunike nusu yake, akiweke juani wiki nne kabla ya kuagiza. Subira hiyo ni rahisi kuliko kutupa vibandiko elfu.